Neno Alipin na Waandishi wa Utawala wa Kale wa Ufilipino

Siku ya 21 Oktoba, 1589, katika kijiji cha Nagcarlan, mkoani Laguna, Padre Juan de Plasencia wa shirika la Mtakatifu Fransisko alimaliza taarifa yake juu ya desturi za Watagalog. Gavana wa Kihispania mjini Manila, Santiago de Vera, ndiye aliyemwagiza kuiandika. Taarifa yenyewe ni fupi. Mtu aweza kuisoma yote kabla kikombe cha kahawa hakijapoa. Walakini ni haba maandishi yaliyotumiwa kama hayo na watu watakao kujua jinsi Wafilipino walivyojitawala kabla ya Wahispania kufika. Wanazuoni, wanasiasa na watunzi wa vitabu vya shule wamepita mlangoni mwa padre huyu, na aghalabu kila mmoja ametoka na mzigo aliokuja kuutafuta. Jambo walilolitazama kwa jicho la pembeni ni onyo moja lililo ndani ya taarifa ile. Onyo hilo lahusu neno moja tu, alipin, na watu waliouzwa kwa sababu ya neno hilo.

Plasencia alikusanya wazee wa mahali mbalimbali, wale aliowaona kuwa na busara na ujuzi wa mambo, akawauliza. Walimweleza kwamba kila kundi la watu lilikuwa na mkuu wake, aitwaye datu, ambaye aliwaongoza vitani, akaheshimiwa na kuogopwa. Waliomfuata hawakuwa wengi: nyumba 100, na pengine hata 30 hazitimii. Kundi hilo liliitwa barangay, na padre alitambua kuwa jina hilo lilikuwa jina la chombo cha bahari. Alifikiri kuwa jamaa waliokuja kwa chombo kimoja, pamoja na watumishi wao, walikaa pamoja nchi kavu chini ya nahodha wao yule yule. Kama dhana hiyo ni historia ya kweli ama hadithi ya asili tu, ni shauri jingine. Lakini hata ikiwa ni hadithi, haikosi maana. Watu wenyewe walipotaka kulitaja dola lao hawakuchukua jina la ardhi, wala la mpaka, wala la ngome. Walichukua jina la chombo na watu waliomo.

Mwenye kuandika habari hizi kwa Kiswahili hujaribiwa kumwita datu mfalme, na jaribu hilo yafaa lishindwe. Jumbe ni neno lililo karibu zaidi, na nahodha lamfaa kuliko yote. Mfalme hurithi nchi pamoja na watu waliomo. Nahodha asiye na mabaharia ana mbao na tanga tu. Katika visiwa vile ardhi ilikuwa tele na watu walikuwa wachache, na kwa hiyo nguvu ya datu ilipimwa kwa hesabu ya watu waliokuwa tayari kumpigia makasia, kumlimia na kumfuata vitani. Swali la serikali halikuwa nani mwenye nchi hii. Lilikuwa nani mfuasi wa nani, na kwa sababu gani. Jibu lilikuwa mara nyingi deni. Mtu aliyeshindwa kulipa, aliyetozwa faini kubwa, aliyekopa mchele wakati wa njaa, au aliyetekwa vitani, aliingia chini ya mkono wa mwingine, na watoto wake wakazaliwa humo. Deni ndilo lililokuwa kamba ya chombo kile.

Hapa ndipo neno alipin lilipo. Plasencia asema kuwa walikuwapo alipin wa namna mbili. Wa kwanza ni aliping namamahay. Bahay ni nyumba, na namamahay ni mwenye kukaa nyumbani kwake. Mtu huyu alikuwa na mke, nyumba, mali na dhahabu yake mwenyewe, na watoto wake walimrithi. Alimtumikia bwana wake kwa sehemu ya mazao, nusu kama walivyopatana, akamsindikiza alipoitwa. Hakuweza kuuzwa. Wa pili ni aliping sa gigilid. Gilid ni ukingo, upande wa ndani wa nyumba penye jiko. Na mtu huyu aliitwa hivyo kwa kuwa alikaa ukingoni mwa nyumba ya mwingine. Huyu aliweza kuuzwa, ingawa aliyezaliwa na kulelewa katika nyumba hiyo aghalabu hakuuzwa. Msomaji aone kuwa lugha yenyewe ilipima uhuru wa mtu kwa mahali alipolala. Mmoja ana mlango wake. Mwingine analala jikoni kwa watu.

Na mipaka ile haikuwa ukuta. Mtu wa gigilid aliyejipatia dhahabu aliweza kujikomboa akawa namamahay kwa tae 5 au zaidi, na akitoa 10 na kuendelea akawa huru kabisa. Padre ataja jambo moja lililomchekesha: siku ya ukombozi bwana na mtu wake waligawana vyombo vya nyumbani nusu kwa nusu, na mtungi ukizidi mmoja waliuvunja, na nguo ikizidi moja waliipasua katikati. Watoto nao waligawanywa vivyo hivyo wazazi wao walipokuwa wa hali mbalimbali: mmoja akafuata hali ya baba, wa pili ya mama, na akibaki mmoja asiye na wa kulingana naye alihesabiwa kuwa nusu huru na nusu alipin, akatumika zamu kwa zamu. Padre alicheka, na wasomaji wengi wamecheka pamoja naye. Lakini mtungi uliovunjwa una sheria ndani yake kuliko amri nyingi zilizoandikwa. Wasema kwamba madai ya bwana yana kikomo, kwamba kikomo hicho chajulikana na pande zote mbili, na kwamba majirani wanatazama kisipitwe.

Sasa lije onyo. Plasencia aeleza kwamba Wahispania waliitafsiri alipin kwa neno lao la mtumwa, wakaridhika. Basi mtu alipompeleka namamahay wake mbele ya alkalde, hakimu wa wilaya, swali lililoulizwa lilikuwa moja: Je, huyu ni alipin? Mashahidi walijibu ndiyo, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Baba yake alikuwa alipin, na mama yake pia. Hakuna aliyeuliza ni alipin wa namna gani. Hukumu ikaandikwa kuwa ni mtumwa, na yule mtu, ambaye jana alikuwa na nyumba na shamba na dhahabu yake, akawa wa gigilid, na pengine akauzwa. Wenyeji wenye nguvu waliligundua jambo hilo upesi. Walipoona kuwa alkalde hajui tofauti, walianza kuwachukua watoto wa namamahay na kuwatia majumbani mwao kama watumishi, jambo ambalo desturi yao wenyewe iliharamisha. Kwa hiyo padre aomba mahakimu waamriwe kuuliza swali la pili.

Ushahidi huu ni mzito kuliko vyote vilivyo katika taarifa ile, na hapana ajabu kuwa haukupendwa. Mwenye kuusifu utawala wa Kihispania kwamba uliwakomboa watumwa wa wakuu wa kale huona hapa mahakama za Kihispania zikitengeneza watumwa. Mwenye kuisifu zamani ya Wafilipino huona hapa Wafilipino wakuu wakikimbilia kwa mgeni ili wawadhulumu watu wao kwa njia ambayo wasingeiweza mbele ya wazee. Ujinga wa mmoja na tamaa ya mwingine vilikutana katika neno moja lililofasiriwa vibaya, na aliyelipa gharama alikuwa mtu wa chini, ambaye hakusema uongo hata mara moja mahakamani.

Yafaa ikumbukwe wakati ambapo maneno haya yaliandikwa. Mwaka 1587 na 1588 wakuu wa Tondo na wa vijiji jirani, wakiongozwa na Agustin de Legazpi na Martin Pangan, pamoja na Magat Salamat, walifanya njama ya kuwafukuza Wahispania. Miongoni mwa malalamiko yao mojawapo lilikuwa kwamba watumwa wao walikuwa wakiondolewa mikononi mwao. Njama ikafichuliwa, Agustin de Legazpi na Pangan walinyongwa, na wengine wakahamishwa mbali. Gavana aliyewahukumu alikuwa Santiago de Vera, ndiye yule yule aliyemwandikia Plasencia. Kwa hiyo swali la gavana halikuwa la mtaalamu mwenye nafasi ya kutosha. Alitaka kujua awatawale vipi watu ambao wakuu wao alikuwa amekwisha kuwanyonga. Padre alimjibu kwa uaminifu, na uaminifu huo ni sifa yake kubwa. Lakini jibu la swali la mtawala huwa na umbo la swali.

Umbo hilo laonekana katika madaraja. Plasencia awapanga watu safu kwa safu: datu, kisha maharlika, kisha alipin, kama mtu apangavyo mabaraza ya Ulaya. Maharlika awaita watu wa heshima, wasiolipa ushuru kwa datu ila humfuata vitani kwa gharama zao. Miguel de Loarca, aliyeandika mwaka 1582 habari za visiwa vya Visaya, alikuta datu, timawa na oripun, na timawa alikuwa ndiye mfuasi huru wa datu. Mwanahistoria William Henry Scott, katika kitabu chake juu ya barangay kilichotoka mwaka 1994, alizisoma taarifa hizi pamoja na kamusi za kale za mapadre, na akaonyesha kuwa majina hayo yalikuwa ya uhusiano kuliko ya tabaka. Mtu hakuwa timawa hivi hivi. Alikuwa timawa wa datu fulani.

Maneno hayo mawili yalisafiri baadaye kwa njia zisizofanana. Timawa alishuka. Datu alipokatazwa kwenda vitani, mfuasi wake wa vitani alibaki bila kazi na bila heshima, na leo katika lugha za Visaya neno hilo ni la mtu fukara, aliye taabani. Maharlika alipanda. Asili yake ni neno lile lile la Kisanskriti lililozaa merdeka ya Kimalayu, yaani uhuru. Na kwa hiyo maharlika alikuwa muungwana, mtu asiyetumikia deni. Katika karne ya ishirini watu waliligeuza kuwa neno la damu ya kifalme. Ferdinand Marcos alilipa jina hilo jeshi la msituni alilodai kuliongoza katika vita vya pili vya dunia, dai ambalo Jeshi la Marekani lilikuwa limekwisha kulikataa katika majalada yake. Barabara kuu ya nchi ikapewa jina hilo. Na mwaka 2023 mfuko mkubwa wa fedha za serikali ukaitwa Maharlika. Muungwana aliyekuwa akienda vitani kwa chakula chake mwenyewe angestaajabu kuona jina lake juu ya hazina.

Juu ya ufalme, waandishi wa Kihispania wenyewe hawakudanganya. Antonio de Morga, aliyekuwa hakimu katika mahakama kuu ya Manila na kuchapisha kitabu chake Meksiko mwaka 1609, asema wazi kuwa visiwa vile havikuwa na wafalme kwa namna ya Ulaya, bali wakuu wengi, kila mmoja na watu wake. Usultani wa Sulu na wa Maguindanao ulikuwa na habari nyingine, wenye silsila zilizoandikwa na kadhi na bandari, na Wahispania hawakuumiliki kwa muda wa karne tatu. Huo wadai makala yake wenyewe. Kwingineko walimkuta datu, na hawakumwondoa. Walimbadilisha kazi. Akaitwa kabesa wa barangay, kichwa cha barangay, akakabidhiwa hesabu ya watu na kuamriwa kukusanya kodi, reale 8 kwa kila mlipaji, baadaye 10. Yeye mwenyewe alisamehewa kodi, akasamehewa na kazi ya lazima ya siku 40 kwa mwaka iliyowabana wanaume wengine. Mfalme Felipe wa Pili aliagiza mwaka 1594 kwamba wakuu wa kale watendewe mema na wahifadhiwe heshima zao. Heshima ilihifadhiwa, maana yake ikatolewa. Zamani datu aliwahitaji wafuasi ili awe datu. Sasa alimhitaji alkalde. Na kodi isipotimia kabesa alidaiwa yeye, hata wengi wakafilisika. Kwa hivyo deni, ambalo zamani lilimfunga mtu wa chini kwa datu, sasa lilimfunga datu kwa Manila.

Kitabu cha Morga ndicho alichokishika José Rizal. Alikinakili katika maktaba ya British Museum huko London, akakichapisha tena Paris mwaka 1890 pamoja na maelezo yake chini ya kurasa. Ni kazi ya mapenzi na ya hasira. Rizal aonyesha, kwa maneno ya Mhispania mwenyewe, kwamba watu wake walijenga vyombo vikubwa, walifanya biashara, walikuwa na sheria, na kwamba mengi ya hayo yalipotea chini ya utawala wa kigeni. Rafiki yake Ferdinand Blumentritt, aliyeandika dibaji, hakumficha lawama: alimwambia kwamba ahukumu mambo ya zamani kwa mizani ya siku zake. Isabelo de los Reyes naye aliona kuwa uzalendo ulimfanya Rizal apite kiasi, na Rizal alimjibu kwa ukali. Lawama hizo ni za haki, lakini hazikugusa kiini. Udhaifu wa maelezo ya Rizal si kwamba ayapenda mambo ya kale mno. Ni kwamba ayatetea mbele ya hakimu aliyewekwa na adui. Mhispania asema: hamkuwa na ustaarabu, Rizal ajibu: tulikuwa nao, tazama ulivyofanana na wenu. Katika shauri la namna hiyo mtungi uliovunjwa katikati hauna pa kuwekwa, na mtu wa namamahay hana wakili. Hata hivyo Rizal hakuzua kitu. Alibishana na kitabu kilichokuwapo.

Aliyekuja baadaye alizua. Mwaka 1914 José Marco, mtu wa kisiwa cha Negros, aliipa Maktaba ya Ufilipino hati alizodai kuwa za kale. Ndani yake mlikuwamo sheria za Datu Kalantiaw wa Panay, za mwaka 1433, vifungu 18. Mkuu wa maktaba, Mmarekani James Robertson, aliyepata sifa kwa kukusanya maandishi ya historia ya Ufilipino katika vitabu 55, alizipokea na kuzitangaza kwa Kiingereza mwaka 1917. Kwa muda wa miaka 50 na zaidi zikafundishwa shuleni. Scott alizichambua katika tasnifu yake ya mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Santo Tomas, na akakuta kuwa hazina asili yoyote nyuma ya Marco. Kitabu cha padre Pavón cha 1838 na 1839, kilichodaiwa kuzihifadhi, kilitolewa wakfu kwa mfalme wa Hispania, mwaka ambao Hispania ilitawaliwa na malkia mtoto. Hata hivyo mwaka 1971 serikali iliunda nishani ya Kalantiaw, nayo walivikwa mahakimu waliostaafu. Haikuwa mpaka mwaka 2004 ndipo taasisi ya taifa ya historia ilipotamka rasmi kuwa sheria hizo hazina msingi.

Wengi wamezikataa hati za Marco kwa kuwa ni za uongo, na hilo latosha kwa mwanahistoria. Mhakiki ana la kuongeza: ni uongo mbaya hata kama ni utungo. Datu wa Marco huamuru watu wapigwe, wachemshwe, wawekwe penye siafu, watupwe kwa mamba. Anatawala kwa hofu tupu, kama dikteta wa hadithi za kutisha, na hapana mfuasi mmoja anayeweza kupanda chombo kingine akaondoka. Hapana mpatano, hapana kikomo cha deni, hapana wazee wanaotazama. Aliyetaka kuwapa watu wake zamani yenye fahari aliwapa bwana asiyehitaji watu. Ajabu ni kwamba taifa lililokuwa limetawaliwa na wageni kwa karne nyingi lilikubali kuamini kuwa babu zake waliheshimu sheria kwa sababu ya mamba, na likaona fahari. Yamkini sababu ni kuwa sheria iliyoandikwa, yenye vifungu na tarehe, ndicho kipimo walichofundishwa kuwa cha ustaarabu. Desturi iliyo katika kumbukumbu za wazee haikuonekana kuwa kitu.

Na hati ya kweli ilikuwa imelala katika mchanga. Mwaka 1989 wachimbaji wa mchanga karibu na mdomo wa mto Lumbang, katika mkoa ule ule wa Laguna alipoandika Plasencia, walitoa bamba jembamba la shaba lenye maandishi. Mholanzi Antoon Postma, aliyeishi miaka mingi miongoni mwa Wamangyan wa Mindoro, alilisoma. Herufi zake ni za Kikawi, lugha yake ni Kimalayu cha kale chenye maneno mengi ya Kisanskriti, na tarehe yake yaangukia mwaka 900, yaani miaka 689 kabla ya taarifa ya padre. Halisimulii ushindi wa mfalme, wala halina vifungu vya adhabu. Ni risiti. Mtu aitwaye Namwaran alikuwa na deni la dhahabu, kati 1 na suwarna 8, na deni hilo limefutwa mbele ya wakuu. Mkuu wa Tondo yumo, mkuu wa Pailah yumo, na majina ya Puliran na Binwangan yamo. Msamaha wamwendea Namwaran pamoja na watoto wake, Bibi Angkatan na ndugu yake Bukah, na jamaa zao wote.

Wakuu wa mahali mbalimbali wamekusanyika, mmoja kwa ajili ya mwingine, na shughuli iliyowakutanisha ni kumfungulia mtu kamba. Hati imechongwa kwenye shaba, si kwenye jani wala mwanzi, na sababu yaonekana katika mstari wa mwisho. Waliojua thamani ya neno katika mambo ya deni walimfikiria mtu atakayekuja siku moja, wakati mashahidi wote wamekwisha kufa, akasimama na kudai kuwa ukoo wa Namwaran haujawa huru. Ikiwa siku za mbele, bamba laanza kusema, patatokea mtu yeyote atakayenena kuwa deni hili halikuachiliwa. Na hapo shaba yafikia ukingo, sentensi haijamalizika, na bamba la pili halijaonekana.